Mchi Uliogeuka Vishikio vya Bia

Ahadi za seremala zinajulikana, na Athanas alikuwa seremala kamili. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu atakikaribisha, atakiinua, atakitikisa, kisha atakwambia, "Njoo keshokutwa." Keshokutwa ikifika, kiti kiko vilevile, kimesogezwa nyuma tu, na Athanas anakuuliza habari za watoto. Watu wa mtaa wake wa Kihonda walimvumilia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumfikia kwenye mashine ya kukereza. Mguu wa meza ukitoka mikononi mwake, lazima uutazame mara mbili.

Mteja mmoja hakuwahi kumgombeza, naye ni mama yake mzazi. Mama huyo alipika kangala, pombe ya mahindi, kule Mgeta milimani, na pombe hiyo ndiyo iliyomlipia Athanas chuo cha ufundi. Mchi wake wa kutwangia kimea ulikuwa wa mninga, mzito, umeiva kwa umri, na katikati ulikuwa umekonda pale mkono wake ulipokuwa ukishika miaka yote. Kichwa kilipoanza kutema vibanzi kwenye kinu, aliupakia kwenye lori la kabichi na kushuka nao mwenyewe mpaka karakana ya mwanawe.

"Baba, nipunguzie hapa kichwani," alisema. "Kidogo tu."

"Mama, hiyo nayo ni kazi? Keshokutwa."

Mama akarudi mlimani mikono mitupu. Kila alipopiga simu aliuulizia mchi, na kila mara Athanas alimjibu kwamba yuko hatua ya mwisho, wakati mchi umesimama kona ileile, haujaguswa hata na msasa. Ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa! Mama akawa anatwanga kwa mchi wa jirani. Masika ya mwaka jana kifua kilimbana, akafa akiwa bado anaazima.

Athanas alilia sana msibani, na sehemu kubwa ya kilio hicho hakumwambia mtu sababu yake. Aliporudi mjini alipanga mbao mbele ya ile kona ili mchi asiuone.

Ndipo akatokea Evance. Mzee huyu, baada ya kustaafu kiwandani Mzinga, alijijengea baa ndogo nyumbani kwake: kaunta, viti virefu, na bomba tatu za bia ya pipa alizoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo. Bomba zilikuja na vishikio vya plastiki, naye akavikataa. Alitaka vya mbao, vinene, vyote vya mti mmoja na rangi moja, viwe tayari kabla wageni wake hawajafika Jumamosi.

Athanas alikereza vya kwanza kwa mbao mpya. Mbao ilikuwa bado na maji, na alipotoboa tundu la nati, vikapasuka. Akarudia, vikapasuka tena. Ijumaa Evance alipita karakanani akavitazama vile vipande. Hakugomba. Alisema tu kwamba alikwishawatangazia wageni kuwa amepata fundi. Maneno hayo yalimchoma Athanas kuliko matusi. Alitamani, walau mara moja, awe mtu wa kutimiza siku ileile.

Akaziondoa zile mbao za kona. Mchi ulikuwa mkavu, usio na tone la maji. Alijiambia kwamba mama hayupo, na dada yake Angelina husaga mashineni kama watu wengine. Nani atauulizia? Kwa Mluguru kama yeye hilo lilikuwa swali la kujidanganya. Ukoo unafuata mama, vyombo vya mama ni vya binti, na kaka ni mtunzaji tu. Athanas alilijua hilo tangu hajajua kusoma. Akaushika msumeno. Jioni vishikio vitatu viling'aa kwa vanishi, na Jumamosi wageni wa Evance walivisifu kuliko bia yenyewe.

Wiki iliyofuata Angelina alishuka kutoka Mgeta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Mbona hukupiga simu?"

"Nikipiga si utaniambia hatua ya mwisho?" Angelina alicheka. "Nimefuata mchi wa mama. Mwezi ujao tunamfanyia misa, na kangala ya siku hiyo nataka niitwange mwenyewe. Hata kama hujauchonga, nipe hivyohivyo."

Athanas aliwaza uongo, na uongo haukuja. Akamweleza yote, macho chini kwenye maranda. Angelina hakupiga kelele. Alikaza khanga kiunoni, akasema, "Nipeleke nikavione."

Evance aliwapokea vizuri. Alipoelewa walichofuata aliduwaa, kisha akachukua spana, akafungua vishikio vyote vitatu na kumwekea Angelina mbele yake. "Chukua, mwanangu," alisema. "Mimi nitarudishia plastiki yangu."

Angelina alikitia cha kwanza kiganjani, akakizungusha. Akachukua cha pili, halafu cha tatu, akivipapasa polepole. Athanas alijua anatafuta nini, na akatamani ardhi impasukie.

"Kaka, mama alikuwa anashika wapi?"

"Hivi ni vya ncha za huku na huku, dada. Palipokuwa panene."

"Na katikati?"

"Katikati palikuwa pamekonda. Pasingetoa kishikio."

"Pako wapi?"

Vipande visivyofaa Athanas huvitupa mlangoni, na Mwanahawa, jirani yake anayekaanga maandazi, huviokota kila alfajiri kwa kuni. Alimweleza dada yake hivyo hivyo, bila kuficha. Majuto yaliyomshika wakati ule hayakuwa yale ya msibani. Msibani alijutia kazi ambayo hakuifanya. Sasa alijutia aliyoifanya vizuri.

Angelina alivirudisha vishikio juu ya kaunta, kimoja baada ya kingine, akavisukuma taratibu upande wa Evance.

"Vifunge tu kwenye bomba zako, baba," alisema. "Mama hayumo humu."