Viinitete vitano

Mwanetu wa pekee alikufa kwa sikoseli mapajani mwangu, akilia maumivu ya mifupa. Mwaka uliofuata tulikwenda Dar kutafuta mimba kwa njia ya maabara. Tulipokuwa tumerudi Geita, daktari akapiga simu, tukamsikiliza wote wawili: viinitete vitano vimepatikana, vitatu vina ugonjwa uleule, je, tunakubali hivyo vitupwe? Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Mume wangu akanizaba kofi, nikaangukia jiko la mkaa.

“Wewe mwanamke! Na yule wetu angekuwa kati ya hao watatu, ungemtupa?”

Nikashika mchi nikampiga mdomoni. Akatema jino na damu.

“Nijibu, mama. Ungemtupa?”

Nikampiga tena, begani, mpaka akaanguka. Jibu lilikuwa ndiyo, na sikutaka alisikie.