Anayezunguka Pipa

Shemeji yangu, yule karani wa chama cha ushirika aliyepunguzwa kazi wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba, harogi mtu. Anatengeneza darubini ya kutazama nyota. Ameweka vioo viwili vinene juu ya pipa uani, unga wa msasa na maji katikati, anasugua huku akizunguka pipa polepole ili kioo kilike sawasawa. Kuzunguka huko ndiko kulikowaleta sungusungu, walinzi wa kijiji, jana mchana, mishale mkononi.

"Unamzungukia nani, bhabha?" akauliza mkuu wao.

"Ngoja kidogo. Nikisimama kitakauka, kitakwaruzika."

Akazunguka mara tatu nzima kabla ya kuinua macho. Nilitamani kumshika mikono. Wameahidi kurudi Jumamosi na mganga; leo yuko palepale, anazunguka. Ukoo wa marehemu mume wangu haujawahi kutoa mchawi. Sina la kuongeza.