Mzee Akisimama Hakatizwi

Nikiwa kijana, ndevu zangu bado za kuhesabika, nilipanda treni Tabora kwenda Kigoma nikiwa na fuko la nguo na kuku wa shangazi, na njiani treni ikasimamishwa na ng'ombe. Dume jeusi lilikuwa limelala katikati ya reli, linacheua, linatutazama. Dereva alipiga honi mpaka ikapata kikohozi. Wanaume wakashuka. Mmoja akashika mkia, mwingine pembe, na mimi nikashika kuku wangu nikawa natoa ushauri. Mwenye ng'ombe alikuwa kando anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Mwacheni. Akimaliza anachofikiria ataondoka mwenyewe."

Tukamwacha, tungefanyaje? Hata bwana mkubwa mmoja wa daraja la kwanza, mwenye suti na miwani, alikaa kwenye nyasi kama sisi.

Sasa, kwa sababu ya ng'ombe yule nilipata muda wa kununua karanga kwa msichana mmoja wa kijiji kile. Kwa sababu ya karanga nikarudi tena, na sikuwa na safari yoyote ya Kigoma. Akawa mke wangu, Mungu amrehemu. Tukapata binti, binti akasomea uuguzi, uuguzi ukampeleka Houston, na mama yake alipofariki akasema baba hawezi kubaki peke yake anapika uji na kuuunguza. Akanitumia tiketi. Kwa hiyo watu wakiniuliza mzee wa darasa la pili alifikaje Texas, nawajibu: ng'ombe.

Tulikaa Alief, mtaa wa hukohuko Houston. Pale bila gari wewe ni mti. Binti yangu akiwa kazini mimi nilikuwa nasimama dirishani nikiangalia magari ya wenzangu, mpaka akanitafutia kazi kwenye ghala moja Stafford, kukunja maboksi. Kazi nzuri sana. Unakunja, unapaka gundi, unasukuma. Mdomo unabaki huru, nao ndio kiungo changu chenye nguvu.

Meza moja nilikunja na Mmarekani mweusi wa umri wangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na chake kilikuwa kinavutika kama mpira, lakini wazee wawili wakitaka kuelewana wataelewana. Chumba cha kulia kilikuwa na televisheni, na majira yale wakubwa wa Washington walikuwa wanabishana juu ya ile sheria ya haki ya kupiga kura, kwamba kipande chake kimoja kinaelekea kwisha muda, kiongezwe ama kiachwe. Mwenzangu aliacha sandwichi yake akawa anaangalia.

"Mama yangu," aliniambia, "hapahapa Texas, ilibidi alipe kodi kwanza ndipo apige kura. Na kila watu wakileta sheria ya kurekebisha mambo haya, kule juu bungeni anasimama mtu mmoja anaongea. Anaongea mpaka wenzake wanachoka, sheria inalala."

"Anaongea nini?"

"Chochote. Kuna waliosoma mapishi."

Hiyo wanaiita filibasta. Nilicheka mpaka gundi ikamwagika. Nikamwambia kwetu mtu wa namna hiyo tungemletea chakula.

"Kula hawezi," akasema. "Hapa kwenye baraza letu la Texas hata kuegemea meza ni kosa. Anasimama wima. Akikaa tu, amekwisha."

Nikaiweka hadithi hiyo mfukoni, kama ninavyoweka zote, nikijua siku moja itanunua kicheko mahali.

Basi. Tulikuwa na chama chetu cha kuzikana. Mtu akifiwa ugenini hatakiwi kulia huku anatafuta jeneza, kwa hiyo tulikuwa tunachanga, sisi wa Houston na wale wa Garland kule juu karibu na Dallas, safari ya asubuhi nzima kwa gari. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Kiswahili cha kila rangi. Chama kilianzishwa na mzee mmoja wa Shinyanga ambaye zamani alikuwa karani wa ushirika wa pamba. Tulimwita Mwanzilishi, naye hakukataa. Alikuwa mrefu, kofia ya sufu hata wakati wa joto la Houston, sauti kama pipa tupu. Nilimpenda. Tena nasema wazi, katika watu wote wa chama mimi ndiye niliyefaidi hotuba zake, maana mpiga ngoma humsikiliza mpiga ngoma mwenzake.

Katiba aliiandika yeye. Ilikuwa na mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza, nyumba moja kura moja, na kura ni ya baba wa nyumba. La pili, mzee akisimama kusema hakatizwi mpaka akae mwenyewe. Hili la pili tulilipigia makofi siku ile. Nani angepinga adabu?

Halafu akafa Mkongo mmoja wa Garland, mtu mpole, mbeba mizigo. Chama kilikuwa na viwanja vya makaburi Houston tu, basi tukamleta Houston tukamzika vizuri, tukaimba. Mke wake akarudi Garland na watoto na kazi yake ya kufunga vifurushi usiku. Kila akitaka kusafisha kaburi inabidi aendeshe barabara ile ndefu na macho ya usingizi. Akaja mkutanoni kuomba chama kitafute viwanja Garland pia, watu wa kule wazikwe karibu na watoto wao. Mwanzilishi akamwambia kwa upole sana kwamba nyumba yake haina kura, kwa sababu baba wa nyumba amefariki.

Mama yule alisimama na mkoba wake. "Papa, bwana yangu ndiye alikufa. Miye sikukufa. Niko natoa mchango kama bote. Sasa miye niko nani mule ndani ya nyumba? Kiti?"

"Mama, katiba..."

"Hata kiti iko na miguu ine. Miye niko na mbili na ninatembea."

Watu wakacheka, lakini neno likaingia. Mwenyekiti wetu, kijana wa Kenya msomi wa mahesabu, akaandaa hoja: kila mtoa mchango apige kura, mwanamume au mwanamke. Kila mtu alijua itapita. Mwanzilishi naye alijua, na aliogopa jambo moja, aliniambia mwenyewe kwenye gari: "Garland wana wajane, wana mabinti wakubwa, wana akina mama wanaofanya kazi. Wote wakipewa kura, chama nilichokizaa kitahamia kule. Mimi nitakuwa mgeni kwangu."

Ukumbi tuliokodi ulikuwa Alief, kwenye safu ya maduka, kati ya duka la dagaa na kinyozi. Saa kumi na moja jioni lazima tutoke, maana kwaya ya kanisa moja ilikuwa inaupokea. Hoja isiyopigiwa kura kabla ya saa hiyo ilisubiri mkutano mwingine. Sasa unaona. Hoja ilipoletwa mara ya kwanza, Mwanzilishi akasimama.

"Kabla sijafika kwenye hoja," akasema, "nianzie kwenye pamba."

Akaanzia kwenye pamba. Akaeleza mbegu, akaeleza wadudu, akaeleza mzani wa ushirika na namna ya kumtambua mkulima aliyeficha mawe kwenye gunia. Akavuka bahari na koti la kuazima. Akafika Houston, akazika mtu wa kwanza. Alikuwa bado hajafika kwenye hoja kwaya ilipobisha hodi na ngoma zao.

Mkutano uliofuata ikawa hivyohivyo, isipokuwa wadudu waliongezeka. Mwenyekiti alijaribu, maskini. Akasema, "Mzee wetu, kwa heshima zote, time imetubana." Ukumbi mzima ukamgunia yeye! Hata mama wa Garland aliguna. Mwenzangu wa maboksi nilipomsimulia alishangaa. Akasema kule Washington wakipata kura za kutosha wanamfunga mtu mdomo. Nikamwambia sisi hata tungeinua mikono yote na miguu, hakuna mwenye kinywa cha kumwambia mtu mzima, "Kaa chini." Ungeulizwa, amekulea nani wewe?

Mkutano wa tatu nilikuwa jikoni, kijichumba nyuma ya ukumbi, nilikokwenda kwa kisingizio cha kutafuta maji. Akina mama walikuwa wanapika ndizi kwa nyama na sombe, kisamvu cha Wakongo. Mwanzilishi alikuwa ameshasimama, sauti yake inapita ukutani, amefika kwenye mizani. Akina mama walikuwa wamenuna, hasa yule wa Garland, aliyekuja na gari alfajiri moja kwa moja kutoka kazini. Nikaona niwachangamshe. Nikawasimulia filibasta, mapishi na yote. Nikamwigiza mtu wa Texas aliyesimama wima hata kuegemea haruhusiwi, nikatembea kama korongo. Wakacheka wakashika mbavu.

Mama wa Garland aliacha mwiko. "Na akikaa?"

"Akikaa amekwisha."

"Na sisi katiba yetu inasema nini? Mpaka akae mwenyewe?"

"Mpaka akae mwenyewe."

Akafuta mikono. "Nipeni birika. Na ile beseni. Hapana ile ndogo, ile ya heshima."

Siku zote tulikuwa tunanawa baada ya mkutano kufungwa. Siku ile yeye alitoka jikoni na birika la maji ya vuguvugu, beseni, taulo begani, akapita katikati ya viti mpaka mbele ya Mwanzilishi, akapiga magoti. Mimi nilirudi mbiombio kwenye kiti changu, pembeni ya mzee. Sikutaka kusimuliwa.

Mwanzilishi akatazama chini. "Mama, bado. Sijafika kwenye hoja."

"Nyosha tu mikono, papa. Chakula imeiva."

"Nimalizie hili la mzani..."

"Malizia, papa. Miye niko nangoja."

Akabaki amepiga magoti, birika juu. Birika lilikuwa zito, akalishika kwa mikono miwili. Mwanzilishi aliendelea kidogo na mzani, lakini mzani ulikuwa umeharibika. Hebu fikiria: mwanamke mjane, amepiga magoti na maji ya kukunawisha, na wewe umesimama unaeleza magunia. Mama mmoja nyuma akasonya kwa sauti ndogo. Mwingine akasema, "Jamani, mikono itamkatika." Mwanzilishi akajaribu kunawa amesimama. Akainama, akanyoosha mikono, maji yakaingia kwenye mikono ya koti mpaka kiwiko. Mama akasema, tena kwa heshima kabisa, "Papa, utaloana. Ikala."

Nikamsogezea kiti. Sikusukuma, nilisogeza.

Mzee akakaa.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilifika mji wa pili, Sugar Land. Mwenyekiti aliruka kama aliyekalia msumari. "Mzee amekaa! Mzee amekaa mwenyewe! Tunapiga kura!" Wanaume wakainua mikono, karibu wote. Wa kupinga wakaulizwa, Mwanzilishi akainua mkono wake mmoja, na maji yakamtiririka kutoka kwenye vidole. Mama wa Garland, bado kwenye magoti, akaupokea mkono ule ulipokuwa unashuka, akaufuta kwa taulo, kidole kwa kidole.

Hoja ya viwanja vya Garland ikasogezwa mkutano ujao, maana ngoma zilikuwa zimefika mlangoni. Mwenyekiti akasema kura ya kwanza ya katiba mpya iwe hii: je, tuwakaribishe wanakwaya chakula, ili watuvumilie kidogo? Wote wakainua mikono. Mama wa Garland aliinua wake juu kuliko wote, una sombe kwenye kucha, akageuka kushoto na kulia kuhakikisha unaonekana. Kijana wake mdogo akamwambia kwa Kiingereza ashushe, wameshahesabu. Akakataa kushusha.

Mwanzilishi naye aliinua kwa hiyo ya kwaya. Nilikuwa karibu, niliona.

Tukala. Mama alimpakulia mzee kwanza, akamchagulia nyama ya mfupa. Alikula vizuri, akasifu ndizi, akaomba mchuzi uongezwe. Akanieleza, mimi peke yangu, jinsi ule mzani ulivyogunduliwa kuwa mbovu, hadithi ambayo miaka yote hakuwahi kuimaliza. Na mwisho wake ni mzuri, siku nyingine nitakusimulia, nikiuanza hapa nitapotea njia.

Halafu akasimama. Ukumbi mzima ukaweka vijiko chini. Akatutazama, akavaa kofia yake ya sufu, akaiweka sawa.

"Gari nimeliegesha vibaya," akasema. "Naenda kulisogeza."

Akatoka. Kwa kioo cha mlango nilimwona anapita mbele ya duka la dagaa, polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la pamba. Mama wa Garland alikuwa amemfungia chakula cha nyumbani kwenye sahani iliyofunikwa foili. Akakimbilia mlangoni nayo, akasimama pale anaangalia taa za gari la mzee zikiingia barabarani.

"Papa eko narudi?" akaniuliza.

Nikamwambia anarudi. Sahani tuliiweka kwenye kiti chake, na kwaya ikaanza kuimba, na sahani ikapoa palepale.