Marahaba Iliyomponyoka Bibi

Sauti ya mtu anayeita juu ya maji ina ubaridi wake. Niliisikia tena majuzi, nimevaa hedifoni, nimekaa ukingoni mwa mto karibu na Michenga, tukirekodi sauti za filamu yetu fupi ya kutisha. Rafiki yangu Zuhura, mtu wa kijiji cha Mbingu, alikuwa amejificha ndani ya matete akiita, "Bibi... Bibi," kama nilivyomwelekeza. Alikuwa anaigiza tu, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa analalamikia mbu. Lakini mimi nilisahau kuizima mashine.

Watu huniuliza wazo la filamu hii nimelitoa wapi. Wanadhani nimetazama sinema nyingi za nje. Mimi shule niliiacha mapema nikaingia njiani: nimeuza dagaa Mlimba, nimewapikia wakata miwa, nimelala kwenye miji ambayo majina yake nimeyasahau. Kote nilikopita niliwauliza watu wanaogopa nini. Ila ninyi niwaambie ukweli. Hofu iliyomo kwenye filamu hii sikuitafuta kwa mtu. Siku moja nilikuwa mimi ndiyo hofu yenyewe.

Nilikuwa darasa la pili. Kwetu ni Lumemo, pale Ifakara, lakini mpunga ukishatoa masuke familia ilihamia bondeni kuwinga ndege. Kambi yetu ilikuwa vibanda vya nyasi na dungu moja, yaani jukwaa la miti ambalo tulikaa juu yake na kuwatupia ndege mabonge ya tope. Kila kitu kilinuka moshi na samaki wa kukaushwa, hata ndoto. Bibi Skola, mama yake mama yangu, ndiye aliyekuwa serikali ya kambi, na sheria zake hazikuwa na rufaa. Mtoto asiyeamkia hakupewa uji, hata kama anaumwa. Na ukiitwa kutoka kwenye matete, nawe humwoni anayekuita, usiitike. "Mwitikie mwenye uso," alikuwa akisema. Kilichomo kwenye matete kinajua jina lako na kinaiga sauti za watu wako. Ukikiitikia tu, umeshakubali kwenda nacho.

Mimi nilikuwa na maswali. Kinafananaje? Kinakula nini? Kina mama? Bibi alinijibu kwamba mtoto anayeuliza sana huzeeka mdomo kabla ya miguu.

Asubuhi moja ya masika mama alirudi Ifakara, na ilikuwa bado haijaamuliwa kama nitakwenda naye. Aliondoka kwenye ukungu akijua nimebaki na Bibi. Bibi akajua nimeondoka na mama. Wakati huo mimi nilikuwa nyuma ya vibanda, nimejikunyata ndani ya mtumbwi wetu uliofungwa kwenye mti, namvizia mdiria, yule ndege wa bluu anayekula samaki. Nilitaka kujua anaingia tundu gani.

Mto ulikuwa umejaa kwa mvua za milimani. Kamba ilikatika bila kelele. Nilichoona ni kambi ikirudi nyuma, kisha ikapotea. Mtumbwi ulizunguka taratibu, ukaingia kwenye matete, ukakwama. Ulikuwa na ufa uliozibwa kwa tambara, na tambara likaanza kulegea.

Niliita, "Bibi!" Kwanza niliita kwa aibu, kisha kwa nguvu zangu zote. Kule kambini mwiko uliokuwa unagonga sufuria ukanyamaza. Kikohozi cha mjomba kikakatika katikati. Hapo nikajua wamenisikia. Na hakuna aliyeitika.

Maji hubeba sauti vizuri. Nilimsikia mama mdogo Melania akisema, "Mama, mbona kama Tabu?"

"Tabu yuko njiani na mama yake," Bibi akasema.

"Ndiyo nasema sasa. Tabu yuko njiani. Huyu ni nani?"

Mjomba Oskari, ambaye alikuwa anatania hata msibani, akasema, "Mwambieni amekosea namba." Simu alikuwa nayo mfukoni, lakini bondeni kule mtandao haukufika, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza niko wapi.

"Nyamazeni," Bibi alisema. "Asisikie hata pumzi."

Ndipo nilipoelewa nimegeuka nini. Kila nilichofanya kilinizamisha zaidi. Nilitaja jina langu, na jina langu ndilo ambalo mzimu angelitaja. Nilimtaja mama, nikamtaja mjomba, nikamtaja hadi mbuzi wetu wa Lumemo. Melania akaanza Salamu Maria. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa baridi, na hata masikioni mwangu haikuwa yangu tena. Maji yalinifika mapajani. Kando yangu kitu kizito kilitumbukia mtoni, gogo au mamba, sijui hadi leo, na mapovu yakapanda.

Sasa msinicheke. Katikati ya hofu ile nilikumbuka kwamba tangu kuche sijamwamkia Bibi. Nikaamini kabisa kwamba ndiyo sababu hanijibu. Nikafuta kamasi, nikajikaza, nikasema kwa adabu ya mtu anayeomba uji, "Bibi, shikamoo."

"Marahaba," Bibi akasema.

Ilimponyoka. Maisha yake yote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia, na mdomo ulitangulia kabla ya akili.

"Mama," mjomba akasema. "Umeitika."

"Nimejisikia."

"Mama, umekiitikia."

"Nimekiitikia, Oskari. Lete mtumbwi wa jirani."

"Unakwenda wapi?"

"Nilikoitwa. Ninyi kaeni. Aliyeitika ni mmoja."

Nilisikia pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, likichoma tope na kuchomoka, likichoma na kuchomoka, hadi ukungu ulipomtoa. Alikuwa amesimama, kanga imekazwa kiunoni, midomo inatembea bila sauti. Alipofika karibu aliweka pondo chini akashika panga. Akanitazama muda mrefu. Nami kwa woga nikamwamkia tena. Akanyoosha mkono, akanifinya sikio hadi nikapiga yowe. Ndipo akaliweka panga chini. Akanivuta kwake, akakaa sakafuni mwa mtumbwi nami mapajani, na mtumbwi ukabaki unajizungukia.

Kambini nilipewa uji. Mjomba Oskari alinisogezea bakuli kwa fimbo.

Miaka yote niliyokuwa nazurura nilijisifu kwa hadithi hii. Niliwaambia watu kwamba bibi yangu anaijua sauti yangu hata kwenye ukungu. Nilipoanza kuiandika filamu nikaenda Lumemo kumuuliza vizuri. Nilimkuta anachambua mchele, uso karibu na ungo kwa sababu macho yamechoka.

"Bibi, ulinijuaje siku ile?"

"Sikukujua."

"Si ulinifuata?"

"Nilikuwa nimeshaitika. Ningekaa, kingekuja chenyewe kambini kunichukua, kingewakuta Melania na Oskari. Nikaona bora nikifuate huko huko."

"Na lile panga?"

"La kwako hilo," akasema, akatupa chuya kwa kuku. "Shukuru sikio lako lilikuwa la moto."

Filamu yetu haina zimwi. Zuhura amenibishia sana, anasema watu watadai hela zao. Kuna mwanamke mmoja tu anayesukuma mtumbwi kuelekea kwenye sauti. Kamera nimeiweka ndani ya matete, inamtazama akija. Nataka ione kile ambacho mimi, nikiwa pale pale, sikukiona: kwamba kati yetu wawili, aliyekuwa anaogopa zaidi ndiye aliyekuwa anasogea.