Nyuma ya Picha ya Rais

Mgeni alikuwa amekwisha kupita mbele ya duka mara mbili, na mara zote mbili Mahfudha alimwona. Alikuwa ametoka upande wa Feri; jasho lilisema hivyo, na mkoba mzito begani ulisema kwamba hata pa kulala hajapajua. Vichochoro vya Kuze, mtaa wa kale wa Mombasa, vilikuwa vimemzungusha na kumrudisha pale pale. Alipotokeza tena, Mahfudha hakungoja.

"Watafuta nini, msikiti au nyumba ya mtu?"

"Natafuta fundi wa vioo," mgeni akasema, akatoa mkobani picha ndogo ya ajuza mmoja, kioo chake kimepasuka safarini. Kiswahili chake kilikuwa kimeokotwa huku na huku, neno la Lamu hapa, lafudhi ya Dar pale.

"Basi ushafika. Keti. Si hapo, hapo pana gundi. Hapa."

Duka lilikuwa la babake Mahfudha. Mzee alipofariki, watu walidhani litafungwa, kwa kuwa Taib, mwanawe wa kiume, akili yake yote ilikuwa kwenye mpira. Mahfudha akashika msumeno. Mtaa ulinong'ona mwezi mzima, kisha ukaanza kumletea kazi: aya za Qurani, picha za harusi, shahada za watoto waliohitimu. Na marais.

Kila duka, kila ofisi na kila mkahawa wa nchi hii huning'iniza picha ya rais ukutani, na kila rais anapobadilika, mafundi wa fremu huneemeka. Babake alikuwa amemfunza kwamba picha ya zamani haitupwi. Ni karatasi nzito, huachwa nyuma ya ile mpya ili iibane vizuri kwenye kioo. Kwa hiyo katika fremu nyingi za Mombasa marais wamesimama msururu, mpya mbele, aliyemtangulia akimpumulia kisogoni. Zamani jambo hilo lilikuwa likimchekesha Mahfudha.

Tena alikuwa akijua watu wasemavyo kabla magazeti hayajajua. Mwanzoni, baada ya rais huyu kuapishwa, wateja walikuwa wakija na hasira: "Yule wa zamani mtoe kabisa, sitaki hata awe nyuma." Sasa wateja wale wale walikuja kwa shughuli nyingine, wakainama juu ya meza na kuuliza kwa sauti ya chini: "Hivi yule, ulimtupa kweli?"

Asubuhi hiyo alikuwapo Maxwell, karani wa bandarini anayekaa mtaa wa Buxton, aliyekuja kuchukua fremu ya ofisi yao. Ng'ambo ya kichochoro, mzee Faraj, mshonaji wa kanzu, alikuwa kwenye cherehani yake. Kichochoro chenyewe ni chembamba hata mtu aweza kugombana na wa upande wa pili bila kuinuka.

"Bwana Maxwell! Huyo mtu wako umemtilia kioo kipya atuone vizuri tunavyokonda?"

"Mzee Faraj, si ni wewe uliyekuwa ukimlaani yule wa kwanza, hapo hapo ulipokaa?"

"Nilimlaani, na laana yangu sijaiondoa. Lakini yule alikuwa akitutoza huku acheka. Huyu atutoza huku atuombea dua."

Maxwell alicheka mpaka akashika meza. "Mpeni muda, mzee. Alikuta shimo."

"Kila mmoja alikuta shimo! Wallahi nchi hii ni shimo tupu, sijui sisi twasimama wapi."

Mgeni naye alicheka. Kisha akamgeukia mwenye duka. "Na wewe, fundi? Nani bora?"

Cherehani ikapunguza mwendo. Faraj alikuwa akijua kwamba hilo si swali la kumuuliza Mahfudha, lakini mgeni angejuaje? Mahfudha alimaliza kwanza kuchora mstari juu ya kioo, akakivunja kwa mkato mmoja safi, ndipo akasema.

Wakati wa yule wa kwanza, nduguye Taib alitoka kwa kinyozi akachukuliwa na watu wasiovaa sare, akatiwa kwenye gari lisilo na nambari. Kila kituo cha polisi walichokwenda waliambiwa hayupo. Mama yao alikufa akiuliza. Kisha zikaja kampeni, akaja Kingi, mpiga debe wa huyu wa sasa, akakaa kwenye duka hili hili na kula mahamri ya nyumba hii. Akasema mtu wao akiingia, waliopotezwa wataulizwa walipo. Akaomba picha ya Taib iinuliwe jukwaani. Mahfudha akampa ile kubwa, Taib na kofia ya Idi, katika fremu ya mvule aliyoitengeneza mwenyewe. Nyingine kama hiyo hakuwa nayo. Simu yenye picha za Taib ilikwenda na Taib. Siku ya kura alipanga foleni alfajiri. Na aliposhinda mtu wao, alimning'iniza ukutani kwa mkono wake, akasema bismillahi.

"Nikamwendea Kingi. 'Picha iko ofisini, mama, iko salama.' Nikarudi. Ofisi imehama. Nikapiga simu, haishikwi." Akapuliza vumbi la kioo, akakitia kwenye picha ya ajuza. "Yule wa kwanza alininyamazia. Huyu watu wake waliniahidi, halafu wakaninyamazia. Haya, nipimie wewe nani bora."

Maxwell aliipapasa fremu ya ofisi yao.

Dunia ina vituko. Saa ile ile, kichwa kilichotokeza mlangoni kilikuwa cha Kingi, shati la chama limemtota jasho, fremu kubwa ya dhahabu kwapani.

"Mama yetu! Bi Mahfudha! Niokoe. Tuna mkutano pale ukumbini baada ya adhuhuri, wakubwa kutoka Nairobi waja kusikiliza maoni ya wananchi, na kioo kimevunjika garini. Nitilie kingine sasa hivi."

Alisema kana kwamba waliachana jana kwa wema. Mahfudha aliipokea fremu, akailaza kifudifudi, na kidole gumba kikapita kwenye pembe kama kilivyozoea. Kikasimama. Chini ya rangi ya dhahabu palikuwa na kijiti cha mbao. Mafundi wengine hupiga misumari. Babake alikuwa akifunga pembe kwa vijiti, na katika mji huu aliyebaki akifanya hivyo ni yeye tu.

Akaung'oa mgongo wa fremu. Taib alikuwa pale.

Alikuwa amebanwa nyuma ya rais, kofia yake ya Idi imeshikwa na gundi, doa la unyevu limemkata shavu. Pembeni alikuwa amekunjika, walivyombana kwa haraka.

Faraj aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Lo," Kingi akasema. "Ni vijana wa ofisini hao. Siku ile ya kuapishwa fremu zilikosekana, si unajua haraka zile... Usijali, mama. Nitakuletea nyingine, kubwa kuliko hii."

"Nyingine ya ndugu yangu?"

"Ya fremu, mama."

"Nilikuuliza yuko wapi, Kingi. Kwenye ngazi za ofisi yako nilikuuliza. Ukaniambia yuko salama."

"Na si alikuwa salama? Hakutupwa."

"Kingi!" Faraj aliinuka, uzi ukimning'inia kifuani. "Hata haya huna? Umemtoa mtu machoni pa watu mara ya pili, na wasimama hapa kudai kioo?"

Kingi akamgeukia Maxwell kwa kuwa walikuwa wa upande mmoja. "Ndugu, waeleze hawa wazee. Mimi kijana wa chama tu, mambo ya juu nayajulia wapi?"

"Nyamaza, bwana," Maxwell akasema. Fremu ya ofisi aliyokuwa akiipapasa asubuhi yote aliirudisha mezani.

Mahfudha alilowesha kitambaa, akafuta shavu la Taib polepole. Doa halikutoka. Akanyoosha mikunjo kwa ubapa wa kiganja, akakata kioo, akakisafisha pande zote mbili. Kingi alitulia kidogo, akidhani kazi yake inafanywa. Kisha akaona picha ya Taib ikitangulia kwenye kioo, na ya rais ikifuata nyuma.

"Mama, wakubwa wako njiani! Ukutani nitatundika nini?"

"Karatasi haitupwi, ndivyo baba alivyonifunza. Rais wako yumo humu humu. Yuko pale pale ulipomweka Taib."

"Hii italeta shida. Hili duka lina leseni, na leseni ina wenyewe."

"Waambie ni Mahfudha wa Kuze, aliyepanga foleni alfajiri kwa ajili yenu. Waambie ndiye huyo huyo." Alikuwa amekwisha kujitanda buibui. "Umesema waja kusikiliza maoni ya wananchi. Mimi nina maoni."

"Nikusindikize?" Faraj akauliza.

"Maliza kanzu za watu, ami. Nikichelewa, ndipo uje." Akamgeukia mgeni. "Nishikie duka. Kioo chako nimekitia, lakini gundi bado mbichi, usiiguse. Mteja akija, mwambie angoje."

Akatoka, fremu kifuani, uso wa Taib mbele. Kingi alimfuata nyuma, simu sikioni, akimpigia mtu asiyeshika. Kwenye baraza ya kona walikuwako wazee na kahawa yao, wakibishana kama kila siku, huyu afadhali, yule afadhali. Picha ilipowapita, mmoja aliweka kikombe chini. Wa pili akasema, "Si Taib yule?"

Mgeni alibaki dukani, ajuza wake mapajani, akakaa mahali alipoonyeshwa. Maxwell naye hakuondoka. Baadaye mwanamke mmoja alichungulia, mkononi ana bomba la karatasi, picha ya rais imekunjwa ndani, akauliza mwenye duka yuko wapi.

"Ametoka," mgeni akasema. "Amesema ungoje."