Ramani ya Bonde Lenye Mafunjo

Miaka ile, vita ilipokuwa ikishuka kutoka vilima vya Djugu kuja Bunia, nilikuwa agronomu, mtaalamu wa kilimo wa cheo cha chini: diploma ya sekondari, baiskeli, na kipimo cha mvua nilichokisoma kila asubuhi. Kipimo kilinionyesha jambo ambalo wakulima walikwisha kuliona kwa macho yao. Mvua ilichelewa, na ilipokuja ilimwagika yote kwa pamoja. Chemchemi za vilimani zilikauka mapema kuliko zamani.

Kando ya barabara ya Marabo kulikuwa na bonde la mafunjo lisilokauka. Upande mmoja waliishi wafugaji, upande wa pili wakulima. Walikuwa na mapatano ya wazee wao: maharagwe ya bondeni yakishavunwa, ng'ombe hushuka kunywa maji, na hakuna anayelima katikati, penye mafunjo. Niliona kwamba mapatano hayo hayatatosha. Chemchemi zikiisha, ng'ombe wangeshuka kabla ya mavuno, na majembe yangefuata unyevu mpaka katikati. Nikawaita wote wazungumze juu ya miaka kumi ijayo.

Walikuja. Mzee wa wafugaji alisema ng'ombe wake wanalijua bonde kuliko yeye.

"Na maharagwe yangu wanayajua zaidi!" akajibu mama mmoja mkulima, mjane mwenye sauti kubwa. Watu wakacheka pande zote mbili.

Siku hiyo walikubaliana kuwaachia ng'ombe njia moja, na mafunjo yasiguswe. Nikatoa karatasi. Yule mama akaacha kucheka.

"Agronomu, acha kuandika. Siye tumesikilizana kwa kinywa. Kilima cha baba yangu kilienda na karatasi."

"Mama, hii iko ramani tu. Haiko hati ya shamba."

Nilimjibu kama mtu anayemfundisha mtoto.

Nilichora nyumbani, kwa kalamu za rangi. Njia ya ng'ombe niliipaka nyekundu, pana, ikipita juu ya mashamba ambayo nilidhani yangehamishwa miaka ya mbele. Sikuandika popote kwamba ni miaka ya mbele. Kisha nikaiacha kwa mzee mfugaji mpaka mkutano wa pili, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa barabarani. Wiki haikuisha, habari ikavuka bonde: wafugaji wana karatasi, mashamba yetu yamepakwa rangi.

Mkutano wa pili hakuna aliyeketi. Vijana wa wakulima walikuja na mapanga. Mmoja alimpokonya mzee mfugaji ramani, akaiinua juu.

"Nani alichora hii?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mzee alinitazama. Angeweza kuninyooshea kidole. Alisema tu, "Ilikuwa kwangu," akaningoja. Nilitazama gurudumu la baiskeli yangu.

Sisemi ramani ilileta vita. Vilima vingine vilikuwa vinawaka tayari. Lakini katika bonde lile watu walikuwa bado wanasikilizana, na kama ningesema "ni mimi", labda ningepigwa, labda wangeniacha nieleze. Wiki hiyo mzee aliondoka na ng'ombe wake. Wakulima wakachimba mifereji katikati ya mafunjo ili walichukue bonde kabla halijachukuliwa. Kiangazi kilichofuata lilikauka, na wao pia wakakimbilia Bunia.

Huko, katika kambi ya wakimbizi, kwenye foleni ya maji, nilimkuta yule mama. Nikamwambia, "Mama, ile ramani nilichora mimi."

"Tulijua. Muzee hakujua hata kuandika jina yake."

"Sasa mbona hamukusema?"

"Siye tulikuwa na hasira, tulitaka mutu wa kukasirikia. Weye ulikuwa na nini?"

Akasukuma bidoni yake ya maji mbele kwa mguu.

"Na muzee, umemuambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Barabara zilipofunguka nilimtafuta, nikauliza huko Iga Barrière, nikauliza hadi Aveba. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine walisema ng'ombe walichukuliwa njiani naye akabaki huko huko. Hakuna aliyekuwa na hakika. Sasa magoti hayanifikishi mbali, lakini mtu akija kutoka upande ule bado ninamuuliza.