Bwawa la Dharura

Mtaa mzima ulimwita Dharura, na hata mkewe alipokasirika alimwita hivyo hivyo. Aliendesha gari la wagonjwa tangu ujana mpaka mvi zilipomshika, na kazi ile ilimwachia tabia ambayo kustaafu hakukuiponya: hakuweza kutulia. Chai aliinywa amesimama. Taarifa ya habari ilipoanza yeye alikuwa ameshatoka nje. Baada ya kustaafu alibadilisha mabomba yote ya nyumba, hata yasiyovuja, kisha akapaka geti rangi, akalipaka tena kwa madai kwamba rangi ya kwanza ilikuwa inamtazama vibaya.

Mkewe alikuwa mshonaji. Magoti yake yalichoshwa na miaka ya kukanyaga cherehani, na sasa alitembea kwa mkongojo, akishika kiti, meza, ukuta. Siku moja alirudi kutoka hospitalini akasema daktari amemshauri afanye mazoezi ndani ya maji, kwa kuwa maji huubeba mwili na magoti hupata kupumua. Alikuwa bado anaeleza alivyoelekezwa kwa mtaalamu wa viungo, lakini mumewe alikuwa ameshainuka kitini kama aliyemwagiwa upupu.

Kesho yake asubuhi mama aliamshwa na mlio wa sururu uani.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Bwawa la kuogelea. La magoti yako."

"Daktari kasema maji. Hakusema shimo."

"Na hayo maji yatakaa wapi, mama? Hewani?"

Juu ya ukuta wa uani kilichomoza kichwa cha jirani. Huyu alikuwa fundi saa, mtu mpole, mwenye kawaida ya kusahau lenzi yake ya kazi kwenye paji la uso.

"Jirani, habari za asubuhi? Unamzika nani?"

Dharura akacheka, akamweleza. Fundi saa hakucheka.

"Una kibali?"

"Kibali cha kuchimba kwangu?"

"Cha kujenga bwawa. Uwanja ni wako, sikatai. Lakini udongo haujui mpaka ulipo."

Kusema kweli, neno kibali halikuwa na makazi kichwani mwa Dharura. Maisha yake yote magari yalimpisha, taa nyekundu hazikumhusu, na mageti ya hospitali yalifunguliwa kabla hajafika. Leo aanze kuomba ruhusa uani kwake? Akatema mate viganjani, akaendelea. Alichagua mahali penye kivuli cha ukuta ili jua lisimchome mkewe, akachimba mpaka shimo likamfika kifuani. Mama alimpelekea maji ya kunywa, akamtazama, akarudi ndani.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya kumwagika, bila salamu. Ilipokatika, upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka, na udongo wa chini ya ukuta umekwenda na maji. Ukutani palikuwa na ufa uliopanda kutoka chini hadi juu. Fundi saa alikuja akiwa amevaa kandambili, akaingiza kidole ndani ya ule ufa, akakitoa, akakitazama.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Sasa ufa ni wako, jirani, na ukuta ni wangu. Tunafanyaje?"

"Leo hii hii nakuletea saruji, naziba."

"Jino likioza huliponyi kwa kulipaka chokaa. Nimeshapiga simu ofisi ya mipango miji. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije kusikia kwa watu."

Dharura alitaka kufoka, ila alipoutazama ule ukuta akainama, akaanza kuzoa udongo ulioporomoka.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mwembamba mwenye buti zilizojaa tope na futi ya kupimia kiunoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Tumalize haraka, nina kazi."

"Kazi gani, mzee?"

Dharura akatazama huku na huku.

Binti alipima kutoka shimoni hadi ukutani, akatikisa kichwa. Akabandika karatasi ya kusimamisha ujenzi getini, juu ya ile rangi mpya.

"Kwa hiyo nimekataliwa?"

"Hujakataliwa, mzee. Hujaomba."

Akamweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bwawa lichimbwe mbali na mpaka, kusudi msingi wa jirani usidhurike. Liwe na ramani iliyopitiwa na mhandisi, na ionyeshe maji yakichafuka yatamwagwa wapi, maana hayaruhusiwi kutiririkia barabarani wala kwa mwenzako. Majirani wapewe nafasi ya kusema wanaloona. Na kuzunguka bwawa pawe na uzio, wenye mlango unaojifunga wenyewe.

"Uzio wa nini? Watoto wangu wakubwa, wana nyumba zao."

"Mtoto wa mtu mwingine habishi hodi, baba. Anafuata mpira."

Dharura aligeuka akalitazama shimo. Katika kazi yake aliwahi kuwabeba watoto wa namna hiyo, nguo zikichuruzika, huku mama zao wamekaa nyuma ya gari. Habari za wagonjwa wengine alizisimulia nyumbani, hata kwa vichekesho. Hao hakuwahi kuwataja.

"Uzio nitaweka," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo usiniandikie mara mbili."

Aliamriwa kulifukia shimo na kuutengeneza ukuta kwanza. Kufukia kulimuuma kuliko kuchimba. Fundi saa aliwaleta waashi aliowaamini, wakaubomoa upande wenye ufa wakaujenga upya, na Dharura akawachanganyia zege mpaka wakamwomba apumzike ili na wao wapumzike. Kisha ramani ikachorwa, maombi yakapelekwa, na kukabaki kungoja.

Kungoja hakukuwa fani yake. Alikwenda ofisini mara nyingi hata mlinzi wa mlangoni akawa anampokea kwa kusema, "Karibu, bosi wa bwawa." Aliambiwa faili liko kwa mhandisi. Akarudi, liko kwa afisa afya. Akarudi, limerudi kwa mhandisi. Nyumbani alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wakati huo huo mkewe alikuwa ameanza mazoezi kwenye bwawa dogo la hospitali. Dharura alimpeleka kwa gari na kumngojea nje, injini ikiunguruma, kama vile mgonjwa angetolewa mbio. Siku moja mama alichelewa. Dharura alivumilia kidogo, akashindwa, akaingia ndani akipishana na wauguzi, na kusimama mbele ya kioo kikubwa.

Mkewe alikuwa majini hadi kifuani, pamoja na wanawake wengine wa rika lake. Hakuwa na mkongojo. Alikuwa anatembea, anageuka, anarudi, na mmoja wao alipomrushia maji usoni alicheka kwa moyo wote, kicheko ambacho Dharura hakukumbuka mara ya mwisho alikisikia lini. Alifurahi. Papo hapo kitu kikamchoma, asijue kama ni wivu au nini. Akarudi garini, akazima injini.

Njiani alisema, "Bwawa letu likikamilika hutahangaika kuja huku."

Mama alimgeukia walipopita makutano ya pili.

"Nani amekwambia nahangaika?"

"Si safari hii, na kusubiri zamu…"

"Mume wangu, nisikilize, usijibu upesi. Kule hakuna anayeniharakisha. Nikiteleza, nacheka. Nyumbani nikiteleza, wewe umeshafika kabla sijaanguka. Nakushukuru, lakini nachoka."

Alitaka kujibu. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Jioni ile hakupaka kitu rangi.

Kibali kilitoka baada ya yeye kuacha kukiulizia. Binti wa mipango miji alikileta mwenyewe, akapigilia vigingi vinne mahali palipokubaliwa, katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta. Fundi saa alichungulia, akasema yeye hana pingamizi, mradi aalikwe.

"Unaanza lini, mzee?" afisa aliuliza.

Dharura akamgeukia mkewe aliyekuwa ameketi mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtaa ule kumwona akitafuta ruhusa.

"Lisubiri," mama alisema. "Kwanza uje siku moja uingie nami kule. Hujui hata kuelea."

"Na kibali kikiisha muda?" Dharura akamuuliza binti.

"Unaomba kuongezewa, mzee. Utaratibu unaujua kuliko mimi sasa."

Wiki iliyofuata aliingia majini na mkewe, ameshika bomba la ukingoni kwa nguvu zote, wale wanawake wakimtania kwamba ndiye mgonjwa mpya. Alikaa muda mfupi, akatoka, akarudi tena wiki nyingine. Bwawa la nyumbani bado halijachimbwa. Asubuhi, kabla mama hajaamka, Dharura hutoka na kikombe cha chai, akazunguka vigingi vile vinne, akasimama katikati yao, akaangalia chini, akatoka upande wa pili.